Kona ya Kucera

Barabara ya jimbo itokayo Harlow kwenda Pruitt imenyooka maili thelathini katikati ya mahindi, kisha, bila haya, inakata kushoto, inakata kulia, ndipo inaendelea na safari yake. Watu wote huiita Kona ya Kucera. Hapo ndipo Duane, mume wa Ardith, alipopinduka na lori la mahindi miaka kumi na minane iliyopita, akafa.

Ardith alilelewa na hadithi moja tu ya kona hiyo: mzee Kucera alikataa kuuza ncha ya shamba, serikali ikalazimika kumzunguka. Sasa, huko madereva wanaopishana husalimiana kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, hata kwa mgeni, na kumnyima mtu kidole ni kumtukana. Marlin Kucera, mjukuu wa yule mzee, alimwinulia Ardith kidole kila walipopishana. Ardith alikaza ngumi zote mbili kwenye usukani, akatazama mbele. Miaka kumi na minane.

Barua za kuomba kona inyooshwe aliandika mpaka akachoka. Ofisi ya barabara ilimjibu yaleyale: magari ni machache, suala lako linashughulikiwa. Jumatatu hii uzalendo ukamshinda, akawasha pikapu akaenda kulidai faili mwenyewe. Akakalishwa saa mbili nzima, ndipo karani akamletea ramani ya mwaka 1931 na barua iliyobanwa nyuma yake. Mwandishi alikuwa Emil Voss, babu yake Ardith, mzaa baba. Alikuwa akiwasihi wakubwa waipindishe barabara ipite mlangoni mwa kituo chake cha kununulia malai ya maziwa. Kucera alishakubali kuuza, na sahihi yake ilikuwepo kwenye ramani.

Ardith alirudi anatokota, asijue amkasirikie nani, maana maiti hagombwi. Kwenye kona akakutana na pikapu ya Marlin. Akasimama, akashusha kioo, na Marlin naye akasimama.

"Marlin, ulijua kwamba ni babu yangu?"

"Tangu niko shule."

"Na ukanyamaza, mimi nakupita kama kisiki?"

Marlin alijikuna shingo. "Umetoka kumzika Duane, halafu nikuletee na hilo? Nikaona bora uninunie mimi."

Ardith akafungua kinywa amwombe radhi. Nyuma ya Marlin lori la nafaka likapiga honi. Marlin akainua kidole, kama siku zote, akaondoka.

Ardith naye akainua chake, lakini Marlin alikuwa keshapita. Aliyemwitikia ni dereva wa lori, mtu asiyemjua kabisa.