Boma la Samaki Chini ya Dirisha

Kwa maelezo ya Mama Ndindi, jirani wa ukuta mmoja hapa Komarock, samaki wa Phares alitoka majini akiwa na akili zake timamu. Alimwona mwenyewe, anasema, alipokuwa akianika nguo karibu na dirisha: ngege mzima amesimama kwenye ukingo wa tangi la kioo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia kama mtu anayevuka Kangundo Road, kisha akashuka kwenda kujilaza juu ya vitambaa vya Anyango, mkewe Phares. Mama Ndindi ameshawaambia wote wanaopanga mitungi mferejini kwamba hiyo ni dalili na nyumba ile iombewe.

Anyango alicheka kwa pua. Yeye ndiye aliyemwokota. Ngege aliruka kwa sababu alikuwa anapigwa na samaki mwenzake, basi. Hata Mama Ndindi angepigwa namna ile, angeruka.

Tangi lenyewe liliingia nyumbani mwezi wa Desemba, limebebwa na wanaume wanne wanaohema. Mumewe Phares akazunguka sebule yote na asione pa kuliweka isipokuwa chini ya dirisha, pale cherehani ya Anyango ilipokaa tangu waoane. Cherehani ikasukumwa kwenye korido. Korido yenyewe giza tupu, ungeweza kupanda uyoga. Sare za shule za watoto wa watu zilikuwa zimerundikana, Januari inakuja mbio, na Anyango akawa anashona sketi za bluu kwa uzi mweusi, anafumua, anashona tena.

"Hiki kitu kitakaa hapa mpaka lini, Baba Awuor?"

"Hiki si kitu," Phares akasema. "Ni boma."

Na kweli alilijenga kama boma la kwao Ugenya. Alivunja vyungu, akaviinamisha kwenye changarawe kama nyumba za wana: cha mkubwa upande mmoja wa lango, cha mdogo wake upande wa pili. Lango lilikuwa pampu ya hewa. Kisha akatangaza kwamba mkubwa ndiye hutangulia kujenga, mdogo akimtangulia amemvunjia heshima. Basi Oska, samaki jitu jeusi lenye madoa ya rangi ya moto, akawekwa kwanza, akakaa humo peke yake mpaka Krismasi ikapita.

"Na muuzaji alisemaje?"

"Alisema mkali awekwe mwisho, wengine wakishajua pao. Lakini yule mtu amezaliwa Shauri Moyo kwenye chumba kimoja. Boma atalijulia wapi?"

Anyango akaendelea kutazama kutoka kwenye stuli yake ya korido. Oska alifukua changarawe, akang'oa majani ya plastiki, akalala leo kwenye chungu hiki, kesho kwenye kile. Walipoingizwa ngege wawili, ambao Phares aliwaita wadogo wa Oska kwa kuwa wote ni ukoo mmoja wa samaki, Oska hakuuliza habari za ukoo. Wa kwanza alimrarua mkia hadi akafa. Wa pili ndiye yule aliyeruka. Kambare aliyeletwa kufagia chini alijibana nyuma ya kipande cha chungu, na ndevu tu ndizo zilionekana.

"Watazoeana," Phares alisema kila jioni, tai bado shingoni, akimrushia Oska dagaa wa omena. "Kaka mkubwa lazima awe na ukali kidogo."

"Kaka mkubwa amemaliza wadogo zake. Sasa atatawala nani, pampu?"

Phares akarusha omena mwingine.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mteja wake Jacklyne wa barabara ya pili alirudisha sketi mbili zilizopindika kiunoni. Alizitandaza mezani bila hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Mama Awuor, hizi ulishona ukiwa umefumba macho? Samahani, dada, zilizobaki nipe tu. Kuna fundi Majengo."

Akaondoka na mfuko mzima. Kesho yake mama mwingine akaja kuchukua vitambaa vyake, akisema haraka haraka kwamba ni safari tu.

Jioni Anyango alisimama sebuleni, mikono kiunoni.

"Baba Awuor, wateja wanahama. Samaki hashoni, hahitaji mwanga wa dirisha. Tangi liende korido, au muuzaji aje alichukue. Nirudishie mahali pa cherehani yangu."

Phares alikuwa amepiga magoti, ameshika tepu ya kupimia ya Anyango, anapima kama ukuta uliobaki kati ya tangi na mlango utatosha boma la pili. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapima tena.