Ukuta wa Bi Thuraya

Mkwe wangu aliniletea treni ya kuchezea kutoka Mombasa, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaijengea mtaa wetu mzima juu ya meza. Nyumba nilizikata kwa maboksi, nikazipaka chokaa. Makuti ya minazi niliyakata kwa ukindu wa kusukia mikeka wa kijiji cha Kipungani. Reli nikaipitisha juu ya daraja, nyuma ya nyumba ya jirani yangu, Bi Thuraya.

Alipokuja kutazama, hakusifu hata mnazi mmoja. Aliinama, akalaza shavu mezani, akafumba jicho moja.

"Bwana Harith, abiria wako waona uani kwangu."

"Abiria ni wa plastiki, Bi Thuraya!"

"Macho hawana?"

Macho walikuwa nayo. Niliyachora mwenyewe kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tena kwa mbwembwe. Hapa Lamu hakuna anayefungua dirisha la kuchungulia ua wa mwenziwe, na kumbe sheria hiyo haijali kimo. Nikanuna, nikamjengea ukuta mrefu wa boksi, nikaupaka chokaa mara mbili. Akaenda zake ameridhika.

Asubuhi yake huyo amerudi. Akainama tena, akafumba jicho lile lile, akakaa hivyo huku treni ikizunguka na kuzunguka.

"Kuna nini tena?" nikafoka.

"Nitobolee kitundu hapo ukutani, kidogo tu," akasema. "Watu wapite nyuma ya nyumba yangu, na mimi nisijue ni kina nani?"