Kemikali Inayozaa

Maren Tveit alipomweleza kaka yake kwamba serikali inamhesabu bakteria wake kuwa kemikali, Orrin aliweka uma chini akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Kemikali inayozaa," alisema. "Basi na mimi ni kemikali, maana nina watoto wawili."

Maren alishazoea maneno hayo. Sheria ya usalama wa kemikali iliandikwa kwa ajili ya vitu vinavyokaa kwenye mapipa. Wataalamu walipoanza kuunganisha jeni za viumbe wa aina mbalimbali, hapakuwa na sheria nyingine iliyowafaa viumbe hao wapya, basi wakaingizwa humo. Mtu aliyetaka kumtoa kiumbe wa namna hiyo nje ya maabara alipaswa kwanza kuiarifu ofisi ya Washington, aeleze kila alichomfanyia, kisha angoje.

Kungoja ndiko kulikomshinda Orrin. Pale Tamarack Hollow, Wisconsin, kulikuwa zamani na kiwanda cha vipuri kilichoondoa grisi kwenye vyuma kwa kiyeyusho, kimiminika kikali cha kemikali, na kumwaga masalio uani. Kiwanda kilifungwa, kiyeyusho kikabaki ardhini, kikajipenyeza polepole hadi kwenye kisima cha Orrin. Yeye alikuwa mtengeneza jibini kama baba yao, na jibini haitengenezwi kwa maji yenye sumu. Serikali ya jimbo ilikifunga kiwanda chake cha jibini. Mwaka uliofuata mkewe, Joyce, alifariki kwa saratani ya figo. Madaktari hawakukubali kwamba ni maji, wala hawakukataa. Orrin akabaki akiendesha gari la kuzoa theluji wakati wa baridi na kunywa maji ya chupa mwaka mzima, huku mapipa ya chuma cha pua ya baba yake yakikaa matupu.

Maren alimtengeneza bakteria wake akiwa na kisima hicho moyoni, ingawa hakuwahi kusema hivyo kwenye kampuni alikoajiriwa kama mtafiti. Kiumbe huyo alikula kiyeyusho hatua kwa hatua. Shida ilikuwa katikati ya safari: kabla ya kufika mwisho, ambako hubaki gesi isiyodhuru, kiyeyusho hugeuka kwanza kuwa kitu kingine kibaya zaidi, kinachosababisha saratani bila ubishi. Katika chupa za maabara bakteria alikipita kituo hicho haraka, kisionekane.

Mkaguzi wa Washington, mtu mpole aitwaye Achterberg, alimpigia simu mwezi Julai.

"Daktari Tveit, majaribio yako yote yamefanyika kwenye joto," alisema. "Maji ya ardhini huko kwenu ni baridi hata kiangazi. Je, huyu kiumbe wako anamaliza kazi kwenye baridi?"

Maren alikasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri na yeye hakuwa na jibu. Ukaguzi ukasimamishwa hadi jibu lipatikane. Aliweka chupa mpya kwenye chumba cha baridi akaanza kusubiri. Mkurugenzi wa kampuni alinuna. Orrin alifanya zaidi ya kununa. Alimwambia dada yake kwamba amekulia kwenye bakteria, amewalisha, amewafunika wasipate baridi, amewajua kwa harufu, na hajamwona hata mmoja aliyehitaji ruhusa ya Washington ili afanye kazi. Maren alimjibu kwamba bakteria wa jibini hakuumbwa juzi. Wakaachana vibaya.

Wiki chache baadaye kampuni ilihamisha vifaa kwenye jengo jingine, na Orrin akajitolea kuleta gari lake. Maren alifurahi, akidhani ndiyo njia ya kaka yake kuomba radhi. Hakumwona akitoa chupa moja ya bakteria kwenye sanduku la barafu na kuitia ndani ya koti.

Orrin alimlisha yule kiumbe katika pipa la jibini la baba yao, kwa maji ya maziwa yanayobaki jibini ikishaganda, aliyopewa na rafiki yake wa kiwanda cha mji wa jirani. Alilifunika pipa lisipate hewa, alivyowahi kumsikia dada yake akieleza mezani. Akawa akienda kulitazama asubuhi na jioni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watoto wake walimsikia akipiga mluzi. Mwezi Septemba alimimina yote kisimani.

Alimwambia Maren mwenyewe, mwezi Novemba, walipokuwa wakila samaki wa kukaanga, kama ilivyo desturi ya huko kila Ijumaa. Watu wa jimbo walikuwa wamepima kisima, kama walivyofanya kila mwaka, na kiyeyusho kilikuwa kimeshuka kuliko wakati wowote.

"Mdudu wako anafanya kazi, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimtia mimi."

Kwanza Maren alifurahi. Hilo lilimsumbua baadaye kuliko mengine yote: kabla ya hofu, kabla ya hasira, moyo wake uliruka kwa furaha kwamba kiumbe wake ameishi nje na ametenda alichoumbiwa. Kisha akauliza kama walipima kile kitu cha katikati. Orrin hakujua anasema nini. Maren aliuliza pia ni lini alimimina, na kiasi gani, na hakumaliza samaki wake.

Kesho yake alichota maji kwenye kisima cha kaka yake. Kisha alishuka bondeni kwa Bi Halina Borowski, mjane aliyeishi na kitukuu wake, ambaye kisima chake kilikuwa safi miaka yote hiyo. Alimdanganya kwamba ni ukaguzi wa kawaida. Mzee alimkaribisha kahawa, iliyochemshwa kwa maji yaleyale, na Maren akainywa, hakuweza kuikataa machoni pake.

Majibu yalitoka kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huohuo. Bakteria alikuwa amefanya nusu ya kazi, akakwama kwenye baridi. Kisima cha Orrin kilikuwa kimejaa kile kitu kibaya, na kwa Bi Halina kilishaanza kufika. Maji ya maziwa, chakula kilichomnenepesha yule kiumbe, yaliteremka bondeni pamoja naye.

Orrin alikaa kwenye ngazi za kiwanda chake akasikiliza hadi mwisho.

"Usiwapigie Washington," alisema. "Nitamnunulia yule mama maji mimi mwenyewe. Nitachimba, nitapampu, chochote. Watakumaliza, Maren. Watanimaliza."

"Atakunywa leo usiku, Orrin. Atamwogesha mtoto."

"Nilitaka tu kisima kimoja kiwe safi. Kimoja tu."

"Najua," Maren alisema. "Twende tukamwambie. Unakuja?"

Orrin hakwenda. Maren alishuka peke yake, akasimama jikoni kwa Bi Halina akamweleza kila kitu, pamoja na uongo aliomwambia siku ile ya kahawa. Mzee hakupaza sauti. Alifunga bomba, akamchukua mtoto mikononi, akamwomba Maren atoke. Akiwa barabarani, Maren alimpigia Achterberg.

Walikuja watu wengi, wakachimba visima vya kupimia kuanzia kwa Orrin hadi mtoni. Achterberg alikuja pia, akamwomba Orrin amwonyeshe pipa. Alimsikiliza bila dharau, akamwambia jambo moja: kemikali ya kawaida ikimwagika unaweza kukadiria imebaki kiasi gani, lakini hii, kila wanapopima, wanakuta idadi nyingine. Orrin alitozwa faini, akauza mapipa. Kampuni ilifutiwa maombi yake, ikafungwa kabla ya masika. Chupa za chumba cha baridi zilitoa jibu lilelile lililokuwa tayari ardhini.

Maren sasa ameajiriwa na jimbo kufuatilia visima. Wamepampu maji na kuyasafisha, na kile kitu kibaya kimepungua, ingawa hakijaisha. Bakteria naye yumo bado, na amevuka shamba la Bi Halina.

Ndugu hao wawili huonana kwa ajili ya watoto. Huzungumza habari za shule na theluji. Mara moja tu Orrin aliuliza kama anadhani Joyce angemsamehe, na Maren akasema hajui.

Kila msimu Maren hupita kwa Bi Halina kuchukua maji ya kupima. Mzee humfungulia mlango wa ghala la pampu, husimama pembeni akiwa na sweta mabegani hadi Maren amalize, kisha hufunga. Mara ya mwisho Maren alimsalimia, akaulizia hali ya mtoto.

"Chukua maji yako," Bi Halina alisema, "uniambie yana nini."