Kipimo cha Mwanaasha

Miaka michache kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, hakuna mtu mjini aliyemwita Mwanaasha mnyenyekevu. Neno hilo waliwekewa wanawake wasemao polepole, macho chini. Mwanaasha, mkunga wa waungwana, alisema kwa sauti, na vipuli vyake vya dhahabu hakuvivua hata kazini.

Sihaba alikuwa mkunga wa pembeni mwa mji, aliyeletwa utumwani kutoka Miono na baadaye kuachwa huru. Zamani alimwomba Mwanaasha amfundishe kazi, akajibiwa mbele za watu kwamba mikono ya jembe haipokei watoto. Akajifunza kwingine, akasifika kwa kugeuza watoto tumboni.

Asubuhi moja Mina, mke wa Mwinyijuma, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Hadi adhuhuri mtoto alikuwa hajashuka. Mwanaasha akapapasa tumbo, akapapasa tena. Mtoto amelala mkingamo, kichwa ubavu huu na miguu ubavu ule. Akajaribu kumgeuza, hakugeuka. Mamamkwe wa Mina akamsihi aendelee: mkunga aliyeanza ndiye amalizaye, na akiingia mwingine, sifa ni za huyo mwingine. Hata Mina na mtoto wangekufa, Mwanaasha asingelaumiwa. Ingesemwa ni kudura ya Mungu.

Mwanaasha akajitanda ukaya wake kichwani, akatoka juani mwenyewe, hakutuma mtu, hadi kwa Sihaba. Sihaba akamwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Leo mikono ya jembe ina kazi, bibi?"

"Ina kazi. Yangu imeshindwa, na Mina anakwisha."

Sihaba akachukua mafuta yake, wakaenda pamoja. Chumbani Mwanaasha alimshika Mina mabega, akafanya kila alichoagizwa, huku Sihaba akimsukuma mtoto kidogo kidogo, akipumzika kila uchungu ulipokaza. Alasiri mtoto alizaliwa akilia, na mama mzima.

Siku ya saba mkeka wa heshima wa mkunga aliyezalisha ulitandikwa kando ya mzazi. Mamamkwe akamwongoza Mwanaasha hapo. Mwanaasha akamwendea Sihaba aliyesimama mlangoni, akamshika mkono, akamkalisha mkekani, kisha yeye akaketi nyuma yake. Mwanamke mmoja akasema kumbe Mwanaasha naye ni mnyenyekevu.

"Unyenyekevu gani, mwenzangu?" akajibu kwa sauti yake ile ile. "Mtoto akitanguliza miguu, niiteni mimi, pwani hii hakuna anishindaye. Akilala mkingamo, mwiteni Sihaba."

Yote mawili yalikuwa kweli.