Lehemu Isiyolia

Mama Moshi alichomeka chuma chake cha kulehemu kwenye makaa, akachukua kijiti kipya cha lehemu, akakisogeza sikioni na kukipinda.

Lehemu ya bati safi ikipindwa hulia, mlio mkavu kama wa mtu anayetafuna mchele mbichi. Kijiti hiki kilipinda kama mshumaa. Kimya. Alikiburuza ukingoni mwa meza, kikaacha mstari mweusi.

"Bosi, hii si bati, ni risasi ya betri."

"Imechanganywa kidogo tu." Bosi hakuinua macho kwenye simu. "Bati halishikiki. Kila ukienda sokoni, bei mpya."

"Ndoo hizi ni za maziwa ya shule. Risasi ni sumu."

"Bwana afya ameshazipiga mhuri."

Mama Moshi aligeuka kuzitazama. Kweli, kila ndoo ilikuwa na mhuri tumboni.

"Hazina hata vitako!"

"Basi ujue tunavyoaminika."

Mama Wanne, aliyekaa naye meza moja, alimpiga kiwiko. "Funga mdomo, chapa kazi. Mwenye nyumba hapokei kodi ya masikio."

"Mwanangu atakunywa humo, mwenzangu. Na wako pia."

Mama Wanne aliinama, akaanza kusugua bati lililokuwa tayari safi.

"Unalehemu, hulehemu?" Bosi aliuliza.

"Kwa hii, silehemu."

"Acha aproni."

Aliiacha. Kijiti alikitia mfukoni. Hajafika mlangoni, akasikia dawa ya kulehemu ikichachatika. Alijua ni nani aliyekishika chuma chake. Hakugeuka, watoto wanne wa mwenzake hawalishwi kwa hasira.

Nyumbani, binti yake alikuwa anapiga sare pasi.

"Ndoo mpya zikifika shuleni, maziwa yake usinywe."

"Tukiyaacha tunachapwa, mama."

"Sema tumbo linakuuma."

"Kila siku?" Mtoto aliweka pasi chini. "Na asubuhi nitakunywa nini?"

Mama Moshi alitazama jiko. Maziwa yale ndiyo yalikuwa chai ya asubuhi, tangu sukari ilipopanda. Na sasa kazi nayo haipo.

Akatoa kile kijiti mfukoni, akakinyoosha, akakiweka juu ya daftari la mtoto.

"Kesho mpe mwalimu mkuu. Mwambie ndoo za maziwa zinaungwa kwa hiki. Akiweke sikioni, akipinde."

"Atasikia nini?"

"Hatasikia kitu."