Tulia Nikufunge

Kikundi chetu cha sala kilikutana sebuleni kwa jirani tuliyemwita Mama Taarifa, kwa sababu habari za mtaa zilipita kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Siku ile hakungoja hata sala ya kuanzia.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya," alisema, akielekeza kidole kwenye ukuta unaomtenganisha na nyumba ya Fundi Saa. "Kila asubuhi yule mzee anamwambia mkewe, 'Tulia nikufunge.' Na Mwalimu analia, 'Sitaki kufungwa! Nimesema sitaki!' Wapendwa, Mwalimu wetu anafungwa kamba ndani ya nyumba yake."

"Na kufuli je?" aliongeza mshonaji. "Akienda kibandani kwake anafunga mlango kwa nje. Nani anamfungia mke kama kuku?"

Wengi wetu pale tulijifunza kusoma kwa Mwalimu, katika darasa la jioni la watu wazima. Mimi nilianza nikiwa tayari na binti wa kuolewa, nikashika kalamu kama mwiko. Mwalimu alinishika mkono akasema, "Mama, hiyo haikorogi." Kwa uvumilivu wake nikasoma, nikaendelea kusoma, hata nikapata kazi ya msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii.

"Wewe uko ustawi," Mama Taarifa alinigeukia. "Hamjaletewa habari za nyumba ile? Huyu mzee hamumjui?"

"Habari za nyumba ya mtu sizitoi, dada. Niulize za kwangu."

"Hiyo ni ofisi ya ustawi au ya usitiri?" mshonaji alisema, na watu wakacheka. Kicheko hakikuwa kitamu.

Wakakubaliana kwamba kesho yake mchana, mume wa mshonaji angekuja na mtaimbo, kufuli livunjwe, Mwalimu atolewe na kupelekwa kwa mdogo wake. Kisha wakamwombea. Nami niliinamisha kichwa nikaitikia amina, maana maombi aliyahitaji kweli.

Nilijua kilichokuwa nyuma ya ukuta ule. Miezi kadhaa kabla ya hapo Fundi Saa alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi mpaka watu wote wakaisha. Alipoingia alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nasikia mnatoa nepi," alisema.

"Tunatoa, baba. Mtoto ana umri gani?"

Alitazama sakafu. "Si mtoto. Ni mke wangu."

Akili ya Mwalimu ilikuwa inapotea kidogo kidogo. Siku moja alitoka akiwa amevaa kiatu kimoja, akapatikana katikati ya barabara kuu akiwaambia madereva waketi chini. Ndiyo maana ya kufuli. Lakini kabla hajapotea sana, katika siku ambayo akili ilikuwa imetulia, alimwapisha mumewe: "Wanafunzi wangu wasinione hivi." Fundi Saa aliapa. Na mimi, niliyekuwa mmoja wa wanafunzi hao, nikaahidi kwamba yangebaki palepale ofisini.

Jioni ya siku ile ya kikundi nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu aniruhusu niseme neno moja tu: nepi. Neno dogo hilo lingemsafisha mzee mbele ya mtaa mzima, na lingemvua nguo Mwalimu mbele ya mtaa huohuo. Kazini tulifundishwa kwamba siri ya mtu huvunjwa pale uhai unapokuwa hatarini na njia nyingine hakuna. Je, mtaimbo ulikuwa hatari ya namna hiyo? Kelele kidogo tu zilimfanya Mwalimu ajifiche chini ya meza. Kundi la watu na mlango unaovunjwa vingemfanya nini?

Niliomba mpaka magoti yakafa ganzi, ndipo nikaona kwamba nabisha hodi kwenye mlango usiohusika. Ruhusa ile walikuwa nayo watu wawili, na nyumba yao naijua.

Asubuhi nilifika kwao kabla Fundi Saa hajaenda kibandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usishangae, leo hatukulala vizuri."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, nywele zimesukwa vizuri, gauni limepigwa pasi. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka jina la mji. Nilimwamkia. Aliitikia kwa adabu, kisha akaendelea kukunja kitambaa chake.

Nilimweleza mzee yote: ukuta, maneno yaliyosikika, mtaimbo. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, aliketi taratibu.

"Kamba?" aliuliza. "Mimi nimfunge kamba huyu?"

"Mimi sijasema kitu, baba. Sitasema bila ninyi. Lakini ukitaka lisemwe neno moja nitasema moja, na ukitaka nisiseme nitakaa hapa mlangoni wanikute."

"Nilimwapia."

"Najua."

Alimsogelea mkewe, akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia. "Mwalimu," alisema, "wanafunzi wako wanataka kukuona. Nifanyeje?"

Mwalimu aliacha kukunja kitambaa. "Wote?"

"Wengi."

"Waje mmoja mmoja," alisema kwa ile sauti yake ya darasani. "Wakija wote sisikii kitu." Akarudia kitambaa chake.

Mpaka leo sijui kama alielewa alichoulizwa. Fundi Saa alifuta macho kwa kiganja. "Basi aje mmoja," alisema. "Mwite huyo wa ukutani."

"Mama Taarifa? Baba, yule..."

"Ndiye anayesikia kila siku. Ukimleta mwingine, huyu atabaki na masikio yake."

Nilitoka kumwita. Katika mtaa mzima, mzee alikuwa amemchagua mdomo mpana kuliko wote. Lakini siri ilikuwa yao, na si kazi yangu kuwachagulia wa kumwamini.

Mama Taarifa alikuja akiwa amejifunga leso kiunoni kama anayekwenda kupigana. Tulipoingia, mzee alikuwa amemwongoza mkewe nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Hatukuona kitu. Tulisikia tu.

"Tulia, mke wangu, nikufunge."

"Sitaki kufungwa! Nimesema sitaki!"

"Nakufunga taratibu. Haya, upande huu. Imekwisha. Umeona? Imekwisha."

Mama Taarifa alinibana mkono kwa nguvu. Pazia likafunguka, mzee akatoka na mfuko mweusi uliofungwa fundo, na katika mkono wa pili pakiti ya nepi za watu wazima iliyobaki nusu. Akaiweka mezani mbele ya jirani yake.

"Ndiyo kamba yenyewe, shemeji," alisema.

Mama Taarifa aliitazama pakiti ile. Akakaa chini sakafuni, leso kiunoni bado, akaanza kulia bila sauti. Mwalimu alitoka nyuma ya pazia, akamsimamia kichwani.

"Wewe unachelewa kila siku," alimwambia.

"Nisamehe, Mwalimu. Kesho nitawahi."

Mchana walikuja kama walivyoahidi, mshonaji mbele, mumewe na mtaimbo begani, na wengine nyuma yao. Mama Taarifa alitoka akasimama kizingitini kabla hawajafika mlangoni.

"Mwalimu yuko salama. Rudini."

"Amefunguliwa?" mshonaji aliuliza.

"Hakuna aliyefungwa. Nilisikia vibaya. Kosa ni langu."

"Sasa yale maneno yalikuwa nini?"

Mama Taarifa alivuta pumzi. Nilimwona akimeza neno, na lilishuka kwa shida kama tonge kavu. "Yalikuwa ya mke na mume," alisema.

"Ala! Leo wewe huna la kusema?" mwenye mtaimbo alicheka. "Basi dunia imefika mwisho."

"Imefika. Nenda nyumbani ukatubu."

Walisimama kidogo, wakanung'unika, wakatawanyika. Mshonaji alituangalia sisi wawili kwa jicho la pembeni, kama watu tuliohongwa. Nilijua kwamba kwa siku nyingi wangetuweka mbali, na pengine Fundi Saa asingepata saa za kutengeneza kutoka kwao. Lakini mlango ulikuwa mzima, na ndani Mwalimu alikuwa akiimba polepole herufi za irabu.

Mama Taarifa aliegemea ukuta. "Hivi siri inauma namna hii kila siku?" aliniuliza.

"Nyingine zinauma zaidi."

"Na unazipeleka wapi?"

"Kwa Mungu. Yeye keshazijua, kwa hiyo simpelekei umbea."

Alicheka huku machozi bado yako mashavuni. Kisha akajifunga leso upya, akaingia ndani kumuuliza mzee ndoo ya kufulia iko wapi.