Damu ya Saa ya Kwanza

Hilari alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akipima damu katika maabara ya hospitali moja mjini Ifakara. Minza alikuwa na miezi saba tu kazini. Lakini utafiti mpya ulipokuja, Daktari Justa alimchagua Minza ausimamie.

Utafiti wenyewe ulihusu watu walioumia kichwa. Ubongo ukitikisika, namna unavyotumia sukari hubadilika, na mabadiliko hayo huacha dalili kwenye damu, hasa saa ya kwanza baada ya kuumia. Walitaka kuzijua dalili hizo, ili siku moja majeruhi atambuliwe hata pasipo na mashine ya kupiga picha ya kichwa.

Wivu ulimkwama Hilari kooni kama mwiba wa perege. Yeye ndiye aliyemfundisha Minza kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Sasa wauguzi walimpita mlangoni wakiuliza, “Minza yupo?” Alipekua daftari la binti huyo akitafuta kosa, na kila alipolikosa aliumia zaidi.

Adhuhuri moja ya masika, bodaboda iliteleza kwenye tope njia ya Michenga. Abiria wake, mkulima wa mpunga aitwaye Lukelo, aliletwa akitapika na kuuliza jambo lile lile mara tatu. Mama yake alipokubali, Minza alimtoa damu. Mara akaitwa wodini.

“Kaka Hilari, naomba uizungushe hii kwenye mashine sasa hivi. Ikikaa inaharibika, chembe za damu zinaila sukari yake.”

“Wewe nenda tu.”

Aliichomeka chupa kwenye kishikizo chake, akaitazama. Akaenda kunywa chai. Alirudi, akapima malaria ya watu wengine, na chupa ikabaki pale pale. Alipoizungusha, zaidi ya saa mbili zilikuwa zimepita. Kwenye fomu akaandika dakika ishirini.

Wiki iliyofuata majibu yalitoka ya ajabu: sukari chini mno, asidi juu mno, kama ya mtu mahututi. Na Lukelo alikwisha ruhusiwa kurudi nyumbani.

“Labda nimekosea mimi wakati wa kuitoa,” Minza alimwambia Daktari Justa mbele ya wote. “Nitamwita tumpime tena, tusije tukawa tumempuuza.”

Hilari alikuwa ameingoja saa hiyo. Ajabu, haikumpa raha. Hata kubeba lawama, binti huyu alijua kuliko yeye! Wivu ukampanda upya.

Lukelo alikuja na mama yake, Bi Mariana. Mama alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

“Mmeona nini kichwani mwa mwanangu? Tangu mpige simu sijala.”

Minza alifungua mdomo, lakini Hilari akamtangulia.

“Hakuna kitu, mama. Damu niliiacha mezani ikaharibika. Kwa makusudi.”

Minza hakupiga kelele.

“Ilikaa muda gani?”

“Zaidi ya saa mbili.”

“Nilikuamini, kaka. Damu ya saa ya kwanza haitolewi mara ya pili.”

Sampuli ilifutwa. Hilari alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye utafiti. Minza aliendelea kumwamkia shikamoo kila asubuhi, kwa heshima ile ile, ila chupa zake alizibeba mwenyewe. Na Hilari, akiwa ameinamia darubini, bado aligeuza shingo kila walipoita jina la Minza.